Ufunguo wa Bweni Unalala Wapi?

Mto Lufira, huko Haut-Katanga nchini Congo, ukitoka Mwadingusha unashuka kilomita chache tu kabla ya kupewa kazi ya pili, Koni. Mitambo ya Mwadingusha ilianza kuzunguka mwaka 1930, ya Koni mwaka 1950, na yote ilijengwa kwa ajili ya shaba. Umeme ulivutwa kwa nyaya hadi Likasi, enzi hizo ikiitwa Jadotville, ukaendeshe viwanda vya Union Minière. Makazi ya Koni yalizaliwa na bwawa, na sasa bwawa liko mikononi mwa SNEL, shirika la umeme la taifa. Aliyezaliwa hapo huzoea tangu utotoni kwamba kitu kikishakuwa na nguvu ya kutosha kinapelekwa mjini. Ndivyo inavyokuwa kwa umeme, na ndivyo inavyokuwa kwa watoto wakifika umri wa umanite.

Umri huo ulipangwa upya na sheria ya elimu ya Februari 2014. Elimu ya msingi sasa ni miaka minane, maana darasa la saba na la nane, yaliyokuwa mwanzo wa sekondari, yameingizwa ndani yake. Baada yake inakuja miaka minne ya umanite, yaani sekondari ya juu, inayoishia kwenye Examen d'État, mtihani wa serikali unaofanywa nchi nzima tangu 1967. Katikati umewekwa TENASOSP, mtihani wa mwisho wa darasa la nane unaotakiwa kumwonyesha mtoto aelekee wapi. Binti anaufanya akiwa na miaka kumi na mitatu au kumi na minne. Halafu unakuja mwezi wa saba na wa nane, na ndani ya nyumba hakuzungumzwi kingine.

Tanzania, mzazi wa binti aliyefaulu kidato cha nne hana mjadala mrefu. TAMISEMI inatoa orodha. Jina likitokea Msalato au Kilakala, kilichobaki ni kutafuta godoro na nauli. Hata ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2022. Congo hakuna orodha ya namna hiyo. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 inaishia shule ya msingi. Umanite inalipiwa, internati, yaani shule ya bweni, inalipiwa zaidi, na baba na mama ndio wanaochagua wenyewe wakiwa na habari za kuokoteza: jirani alisema, padri alisifu, mtoto wa fulani alitoka pale na asilimia 68.

Kosa linaanzia kwenye mpangilio wa maswali. Wazazi wengi wanaanza na jina la shule. Haut-Katanga majina yana uzito kweli. Ukitaja Wema, Tuendelee, Imara au Kiwele mbele ya mtu wa Lubumbashi, atakuambia papo hapo nani alisoma wapi na sasa yuko kwenye cheo gani. Karibu na Likasi kuna Kapolowe, misheni iliyoachwa na Wabenedikto, na Mulungwishi ya Wamethodisti, ambako leo kuna chuo kikuu chao. Majina haya yalijengwa kwa miaka mingi na hayakuanguka kutoka mbinguni. Lakini jina ni habari ya jana. Mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilizichukua shule za makanisa, na mkataba wa Februari 1977 ukayarudishia makanisa usimamizi wake. Tangu hapo "shule ya masista" mara nyingi ni shule ya serikali inayosimamiwa na kanisa. Sista prefe, yaani mkuu wa shule, anaweza kuwa mwanamke hodari kuliko wote mkoani, na bado akawa na mwalimu wa fizikia ambaye serikali haijamlipa tangu siku alipoanza kazi.

Kwa hiyo safu hii inapendekeza jina lije la tatu. La kwanza liwe opsioni, yaani mchepuo wa masomo. La pili liwe bweni.

Opsioni kwanza, kwa sababu ndiyo itakayoandikwa kwenye diploma, na kuibadilisha njiani ni kazi ngumu. Faili la mtahiniwa hujengwa mwaka hadi mwaka, na bulteni zake, yaani ripoti za alama, zinatakiwa zifuatane katika njia moja. Binti wa Koni, aliyekulia mahali ambapo watu wanajua mitambo inavyozunguka, si ajabu akisema anataka elektrisite. Hapo matatizo yanaanza, kwa sababu ramani ya opsioni na ramani ya vitanda vya wasichana hazilingani. Shule za ufundi zenye sifa, kama Salama ya Wasalesiani mjini Lubumbashi, zilianzishwa kwa ajili ya wavulana. Lise za wasichana zina masista, ukuta na bweni, lakini opsioni zake kwa kawaida ni sayansi, biashara na usimamizi, ualimu, labda ushonaji. Mzazi anajikuta ana shule yenye karakana isiyo na mahali pa kumlaza mtoto, na shule yenye mahali pa kulala isiyo na karakana.

Wengi wanamaliza mvutano huu kwa kumwandikisha binti biashara na usimamizi "kwa sababu ndiyo iliyopo". Hiyo ni hasara ambayo haionekani mpaka miaka minne ipite. Kama lengo ni uhandisi, njia ya sayansi ndani ya lise ya wasichana ni bora kuliko inavyodhaniwa, kwa maana diploma ya sayansi yenye hesabu nzuri ndiyo msingi wa kugonga mlango wa Kitivo cha Polytechnique pale UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, na fundi wa juu anaweza kutengenezwa huko. Kama lengo ni kushika kazi mapema, akiwa na miaka kumi na minane au kumi na tisa, sayansi tupu haitamsaidia, na familia inabidi itafute shule ya ufundi ya kutwa pamoja na malazi ya uhakika. Hayo ni malengo mawili tofauti. Binti aulizwe lipi ni lake kabla ya kuulizwa anapenda yunifomu ya rangi gani.

Kuna jambo la makaratasi linalowaumiza watu wa mbali. Si kila opsioni inayotangazwa kwenye bango la shule imekubaliwa na wizara. Shule inaweza kuwa na kibali cha biashara na usimamizi, ikafungua darasa la sayansi likisubiri chake, na mwaka wa nne ukifika watoto wanaandikishwa kwa mtihani kupitia shule nyingine. Mzazi ana haki ya kuomba kuonyeshwa barua ya kibali cha opsioni ile anayoilipia. Aulize pia kama mwanafunzi anapewa namba ya SERNIE, utambulisho wa kitaifa ambao bila huo uandikishaji wa Examen d'État unakwama. Prefe mwenye mambo yaliyonyooka hachukizwi na swali hili. Anafungua kabati.

Kisha zinakuja asilimia. Kila Agosti shule zinatundika kitambaa getini: asilimia mia wamefaulu. Mia ya wangapi? Shule yenye wafinalisti kumi na wawili ikiwapitisha wote inapata mia, na yenye wafinalisti themanini ikipitisha sabini inaonekana ya chini. Namba yenye maana haiandikwi kwenye kitambaa. Ni hii: wasichana wangapi waliingia mwaka wa kwanza wa umanite miaka minne iliyopita, na wangapi kati yao walikaa kwenye chumba cha mtihani? Kama waliingia arobaini na watano wakafika kumi na wawili, mia ile ilinunuliwa kwa kuwaondoa wengine njiani, wengine kwa alama, wengine kwa deni la minervali (ada ya shule), wengine kwa mimba. Kila mzazi anaamini mwanawe atakuwa kati ya wale kumi na wawili. Wazazi wa wale thelathini na watatu nao waliamini hivyo.

Kuhusu walimu, swali moja linatosha. Wangapi wanalipwa na serikali, na wangapi wanasubiri, wale wanaoitwa NU? Mshahara wa NU unatoka mifukoni mwa wazazi, na malipo yakichelewa na masomo yanachelewa. Hata waliomo kwenye orodha ya malipo wana madai yao ya tangu makubaliano ya Mbudi ya 2004, na mwaka wa masomo 2024–2025 ulianza kwa mgomo katika sehemu nyingi za nchi. Mtoto wa kutwa mgomo ukianza anarudi nyumbani mchana. Wa internati, ambaye kwao ni Koni, anakaa kitandani na chakula chake kinaendelea kuhesabiwa. Shule iseme mapema inafanya nini katika wiki kama hizo.

Lakini mshindani mkubwa wa internati si internati nyingine. Ni shangazi.

Karibu kila familia ya Koni ina mtu Likasi: shangazi Kikula, mama mdogo Panda, dada aliyeolewa Shituru. Kumpeleka binti kwa ndugu ni rahisi, hakuna bili ya kila robo, na ni heshima kwa ukoo. Kukataa ni kama kusema nyumba yake haifai. Ndiyo maana mazungumzo haya yanafanywa kwa sauti ya chini, na mara nyingi hayafanywi kabisa. Binti anaenda kwa shangazi kwa sababu hakuna aliyethubutu kusema kitu kingine.

Sasa itazamwe siku yake. Saa kumi na moja alfajiri yuko kwenye foleni ya maji na bidoni mbili, maana bomba la mtaa halina ahadi. Anafagia, anawasha mbabula (jiko la makaa), anawaogesha wadogo wa nyumba. Anafika shule kengele imeshalia. Akirudi saa nane anakuta bukari ya kusonga, halafu kibanda cha shangazi barabarani, ambako anauza mkate na mafuta ya kupimia hadi giza. Daftari linafunguliwa saa tatu usiku, umeme ukiwepo. Hakuna aliyemtesa. Shangazi mwenyewe alilelewa hivyo, na watoto wake wa kuzaa wanafanya nusu ya kazi hizo. Ila mwanafunzi wa sayansi anahitaji saa mbili au tatu za kujisomea kila jioni, na katika siku hii saa hizo hazipo.

Likasi tena ni mji wa madini. Wachimbaji, madereva wa malori na wanunuzi wa mawe wana pesa taslimu mfukoni kila Jumamosi, na barabara kutoka shuleni hadi nyumbani kwa shangazi inapita mbele yao. Kanuni ya Familia kama ilivyorekebishwa mwaka 2016 inasema hakuna ndoa chini ya miaka 18, kwa msichana na kwa mvulana. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 nayo inamhesabu kila aliye chini ya umri huo kuwa mtoto. Sheria zipo, lakini binti wa miaka kumi na sita anayetembea kilomita tatu jioni hazimsindikizi.

Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kulipa internati. Wazazi wananunua saa za kusoma na njia fupi kati ya kitanda na darasa. Wakilijua hilo wataikagua kwa macho mengine, kwa sababu bweni lisilotoa saa hizo wala usalama huo ni nyumba ya shangazi yenye bili.

Ukaguzi wenyewe ufanywe siku ya kazi, kati ya wiki, bila kutoa taarifa ndefu. Ofisini kuna vitambaa na vikombe vya ushindi. Mzazi asikae sana hapo. Aombe kuona wanakolala. Akikataliwa kabisa, hata mama asiruhusiwe kuingia bweni la wasichana mchana wakiwa darasani, jibu amelipata.

Akiingia aanze na mlango. "Ma sœur, ufunguo wa mlango huu unalala wapi?" Swali linaonekana dogo, na kwa historia ya mabweni ya Afrika Mashariki hakuna kubwa kulishinda. Juni 1994, moto katika sekondari ya Shauritanga huko Rombo, Kilimanjaro, uliua wasichana zaidi ya arobaini. Machi 1998, Bombolulu, Kwale, pwani ya Kenya, waliungua wasichana 26 katika bweni lenye nondo madirishani na mlango uliofungwa. Septemba 2017 wakafa kumi Moi Girls, Nairobi. Nondo na kufuli huwekwa kwa nia njema kabisa, kuzuia wezi na wavulana, na usiku wa moto ndizo zinazoua. Bweni liwe na milango miwili inayofunguka kwa nje, dirisha angalau moja lisilo na nondo za kudumu au lenye nondo za kufunguka, na mtu mzima anayelala humohumo, ufunguo ukiwa shingoni mwake, si nyumba ya pili ng'ambo ya uwanja. Likasi, umeme ukikatika, mishumaa inatoka, na watoto wenye njaa wanajua kuficha mbabula. Masista wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Wenye busara wanaonyesha taa za betri na ndoo za mchanga kabla hawajaulizwa.

Halafu vyoo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza tundu moja kwa wasichana 25 shuleni. Mzazi ahesabu vitanda, ahesabu matundu, afanye hesabu yake palepale. Aangalie kama mlango wa choo unafungwa kwa ndani na kama kuna maji na mahali pa kutupia taulo za hedhi, kwa kuwa binti anayeona aibu chooni anakosa darasa siku kadhaa kila mwezi na hasemi sababu. Maji yenyewe yanatoka wapi bomba la Regideso, shirika la maji, likikauka? Shule yenye kisima chake na tangi lililofunikwa ina thamani kuliko yenye maabara mpya ya kompyuta, na hasa katika ukanda huu ambako kipindupindu si mgeni.

Jikoni mtu asipite haraka. Kuna shule zinazomtaka mwanafunzi aje na unga wake, na orodha ya vitu vya kuleta inaweza kuzidi minervali ya robo ya kwanza: godoro, shuka, ndoo, bidoni, sahani, sabuni ya miezi mitatu. Yaliyoandikwa yajumlishwe pamoja na yasiyoandikwa, kama picha, michango ya sikukuu na ada ya mtihani mwaka wa mwisho. Shule nyingi zinataja bei kwa dola na kupokea faranga kwa kiwango cha siku hiyo. Ujumla huo wa mwaka, si bei ya robo moja, ndio wa kuuzidisha mara nne, kwa miaka minne ya umanite.

Swali la mwisho bwenini linahusu wanaume. Ni nani, asiye sista wala mwanafunzi, anaingia eneo hili baada ya saa kumi na mbili jioni? Mlinzi, mpishi, mwalimu wa masomo ya ziada, mwanaseminari wa jirani? Kozi za ziada za usiku zinafanyika wapi, na mlango ukiwa wazi au umefungwa? Na binti akiwa na malalamiko juu ya mwalimu anayemtaka kwa alama, anamwambia nani, na huyo anayeambiwa ana uwezo wa kufanya nini juu ya mwalimu huyo? Kama jibu ni "hapa kwetu mambo hayo hayapo", shule haijajiandaa. Jibu zuri linakuwa na jina la mtu ndani yake.

Yapo majibu mengine nje ya Haut-Katanga. Wenye uwezo wanavuka Kasumbalesa na kuwapeleka watoto Ndola au Kitwe kwa sababu ya Kiingereza. Kwa familia ya biashara ni hesabu inayoeleweka. Kwa binti anayetazamia UNILU ni mzunguko: mwaka wa masomo Zambia unaanza Januari na wa Congo Septemba, cheti kinahitaji kulinganishwa, na aliyesoma kemia kwa Kiingereza atairudia kwa Kifaransa akiwa amechoka. Bweni la Zambia lina mlango na ufunguo vilevile, na kutoka Koni kwenda kuukagua ni mbali zaidi.

Umbali ndio unaorudisha hesabu yote Likasi. Kati ya Koni na mji kuna zaidi ya kilomita sitini za barabara ambayo mvua za Novemba hadi Aprili zinaigeuza matope, na robo ya pili ya masomo yote imo ndani ya miezi hiyo. Baba aliye kwenye zamu za mitambo hawezi kuahidi kufika kila siku ya kutembelea. Mama naye ana wadogo. Binti akipata malaria Februari usiku, internati inahitaji mtu mzima anayefika kwa pikipiki ndani ya nusu saa, aamue kuhusu hospitali na aweke pesa mezani.

Mtu huyo ni shangazi wa Kikula. Akielezwa mapema, kwa adabu na ana kwa ana, kwamba mtoto atalala kwa masista lakini mlezi wake mjini ni yeye, mara nyingi kinyongo kinaisha hapohapo. Anapewa kazi inayomfaa: kupeleka samaki wakavu wa ziwa Tshangalele na sabuni siku za kutembelea, kutazama kama mtoto amekonda, kusaini bulteni ya Krismasi. Daftari la ruhusa la internati lina nafasi ya majina machache ya wanaoweza kumtoa mwanafunzi, na jina lisiloandikwa halifunguliwi geti. Jina lake na namba yake ya simu viandikwe siku ileile ya kulipa, baba akiwa bado yuko dirishani kwa mhasibu, na yeye shangazi akiwepo ili masista waione sura yake.